Gazeti Huanzia Kulia

Mimi sikufundishwa kushona na mtu mpole. Nataka hilo lijulikane mapema, maana tangu Mariam Poni afariki, watu wa Koboko wamemgeuza malaika, na mimi niliyekaa naye miaka saba najua kwamba malaika hawarushi mkasi. Alikuwa na mdomo huyo mama. Mshono ukienda upande aliufumua mbele ya mwenye nguo, huku akikutaja wewe na baba yako na kijiji mlichotoka. Lakini nilimpenda, na mpaka leo nikisikia cherehani ya mkono inalia mahali naangalia kama ni yeye.

Alikuwa Mkakwa wa Koboko, Mwislamu, mke wa sajini. Akiwa msichana alisoma chuo cha Kurani mpaka akahitimu msahafu. Shule ya Kiingereza hakuigusa. Mumewe alipopelekwa kambi ya Jinja alikwenda naye, na huko akajifunza cherehani kwa wake wa askari. Alimshonea mapazia mke wa injinia mmoja Mwingereza, na yule mama alipofunga virago kurudi kwao alimwachia rundo la magazeti ya wanawake, mengine ya London, mengine ya Nairobi, ya zamani kabisa, tangu miaka ya hamsini. Mwaka 1979 serikali ilipoanguka, sajini alipotea njiani na hakuonekana tena. Mwaka uliofuata vita vikafika kwetu West Nile, na watu wakavuka mpaka kuingia Zaire. Wenzake walibeba sufuria na magodoro na kuku. Mariam Poni alibeba cherehani kichwani, na magazeti aliyafunga mgongoni kwa kitenge, mahali pa mtoto, maana mtoto hakuwa naye.

Mimi ni Paska, Mlugbara, Mkatoliki, kwetu ni Dadamu karibu na Arua. Nilikutana naye huko ng'ambo mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na mitatu na darasa la sita kichwani. Mama yangu alikuwa na watoto wengi na chakula kidogo, basi akamwomba anichukue nijifunze kazi. Mariam alinitazama juu mpaka chini akauliza najua nini. Nikasema najua kusoma Kiingereza. Akacheka sana, akasema Kiingereza hakijawahi kushona kifungo. Tangu siku hiyo aliniita Mwalimu, kwa kunikejeli, na jina likanishika. Tuliporudi Uganda mwaka 1987 nikaenda naye Koboko, tukapanga chumba chenye kibaraza kando ya soko.

Sasa niwaambie juu ya yale magazeti. Siku za soko, kama ilivyokuwa kule ng'ambo, kibaraza chetu kilijaa wanawake, wa mjini na wa vijiji vya Dranya na Lurujo, na wengi wao hawakuja na kitambaa chochote. Walikuja kusomewa. Mariam Poni alinawa mikono, akatoa gazeti moja sandukuni, akaliweka mezani na kulifungua kutoka jalada la nyuma, kama mtu anavyofungua msahafu. Kisha kidole chake kilianza upande wa kulia kikaja kushoto. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na maalim wake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba duniani kuna watu wanaoanza upande mwingine. Maneno hakuyajua hata moja. Alisoma picha.

Kulikuwa na tangazo moja la sabuni ya kuogea, picha tatu mfululizo. Kushoto mke wa Kizungu analia peke yake sebuleni. Katikati ameshika sabuni. Kulia mumewe amerudi kutoka kazini na anambusu. Mariam alianzia kwenye busu.

"Huyu bwana hana adabu," aliwaeleza. "Amembusu bibi yake mchana, mbele ya watu. Bibi akachukua sabuni akanawe. Haikutoka. Sasa iko nalia."

Wanawake walisikitika. Kulikuwa na Susana wa Lurujo, mama wa watoto tisa, aliuliza kama kaka zake yule bibi wamepelekewa habari. Mariam akasema gazeti halikueleza.

Kulikuwa na lingine, la kidonge cha kukondesha. Kushoto mwanamke mnene amejipima kiuno kwa tepu, uso umekunjamana. Kulia yuleyule amekonda, amevaa mkanda mwembamba. Kwa Mariam, msichana mwembamba aliingia nyumba ya mume akiwa mifupa mitupu, akapewa dawa, na baada ya miezi michache nguo zote zikambana, na pale alikuwa anapima ili apeleke kwa fundi. Ile sura iliyokunjamana ilikuwa ya mtu anayehesabu mita za kitambaa. Wateja waliiulizia dawa hiyo mpaka akachoka. Aliwaambia tangu vita haiji, wale karanga na simsim.

Lakini aliyenichekesha zaidi ni mama wa friji. Picha yake ilikuwa moja tu: jiko jeupe, friji limefunguliwa limejaa nyama na matunda, na kando yake mwanamke mwenye viatu virefu, kucha nyekundu, aproni haina hata doa. Ukurasa mzima. Mariam alimpekua yule mwanamke kwa muda mrefu, halafu akatoa hukumu.

"Hii mama iko mgeni," alisema. "Angalia viatu. Mwenyewe ya nyumba iko nje napika."

Na kuanzia hapo sikuweza kumwona vinginevyo. Hata leo nikipita mbele ya tangazo la jiko, na mwanamke amejipamba anatabasamu na kijiko, najiuliza mwenye nyumba yuko wapi.

Mimi maneno ya Kiingereza niliyasoma yote, kidogo kidogo, mwaka wangu wa kwanza, yeye akiwa kwenye swala. Yalikuwa yaleyale kila ukurasa. Mwanamke ananuka na hajijui. Mwanamke mnene, ndiyo maana mume anachelewa. Mikono yako imekauka, shuka za jirani ni nyeupe kuliko zako, nywele zako ni aibu, lakini tulia, tunayo chupa. Nilikuwa mtoto nikashangaa jinsi hao Wazungu walivyosumbuliwa na wake zao wenyewe. Nilificha uso ndani ya kitambaa nikacheka mpaka tumbo likauma. Nilimwambia Mariam? Thubutu. Mtu anayekulisha humwambii kwamba anasoma kinyumenyume. Tena, niseme kweli, masimulizi yake yalikuwa matamu kuliko yale yaliyoandikwa.

Kucheka kuliniisha nilipoelewa jambo la krimu.

Katika gazeti moja la Nairobi kulikuwa na tangazo la krimu ya uso, na mwanamke wake alikuwa Mwafrika. Sura mbili za mtu mmoja. Ya kushoto nyeusi tii, macho chini, mdomo umefungwa. Ya kulia imekwajuka imekuwa ya maji ya kunde, hereni kubwa, meno yote nje. Katikati kopo la duara, la bluu, na juu ya kopo ileile sura inayocheka. Mariam aliisoma hivi: huyu dada aliugua, rangi ikamtoka, na akili nazo zikaenda, maana anacheka ovyo mbele ya kila mtu. Akapaka dawa. Weusi wake ukarudi, akatulia, akashusha macho, akafunga mdomo, na sasa ni bibi harusi kamili. Kwetu bibi harusi haonyeshi meno. Akicheka siku ya harusi, watu watasema alikuwa na haraka. Kwa hiyo hakuna mwanamke pale kibarazani aliyeona kasoro katika maelezo hayo, wala mimi sikuiona mpaka niliposoma maandishi.

Sasa, Mariam mwenyewe alikuwa na baka. Lilimpata kule Zaire mwaka uleule nilipoanza kukaa naye. Sufuria ya uji wa mtama ilipinduka mafigani, uji ukamrukia shavu la kushoto mpaka shingoni. Ngozi ilipona lakini weusi haukurudi. Ilibaki nyeupe ya waridi, upana wa kiganja. Na huyu alikuwa mtu ambaye kambi nzima ya Jinja ilimwita Mariam Mweusi, na aliitika kwa kujidai, kwa sababu sajini alikuwa akisema wanawake wengine ni weusi kwa bahati mbaya lakini wake alichaguliwa. Tangu lile baka, alivuta mtandio upande wa kushoto, akaubana kwa pini, na hakuuondoa hata kwenye joto la mwezi wa pili. Mimi niliyelala naye chumba kimoja niliweza kuhesabu siku nilizouona uso wake mzima.

Alichotaka duniani kilikuwa kimoja, lile kopo la bluu. Kila mfanyabiashara aliyepita, wa Yei na Aru ng'ambo ya mpaka, wa Arua hapa kwetu, alimuuliza kama ana dawa ya kurudisha weusi. Walimwambia, "Mama, ya weusi hakuna. Ya weupe iko tele." Naye aliwajibu kwamba weupe anao tayari, unatosha. Wakaondoka wakitikisa vichwa. Miaka sita aliuliza hivyo, na miaka sita mimi nilikaa pembeni na uzi mdomoni nikanyamaza. Kwanza nilinyamaza kwa woga, halafu kwa mazoea. Nilijiambia kwamba kutumaini hakumuumizi mtu.

Mwaka 1988 nilipata mchumba. Aliitwa Kenyi, alikuwa na meza ya spea za baiskeli mjini Arua, na alikuja Koboko mara tatu kununua vifungo ambavyo Arua vilikuwepo vingi. Nilimpenda, sifichi. Mambo yakaenda mpaka akamleta shangazi yake anione kabla wazee hawajakaa. Shangazi huyo, Santina, alikuwa mama wa mjini, amejitunza, uso wake mweupe na vifundo vya vidole vyake vyeusi. Ilikuwa Ijumaa na Mariam alikwenda msikitini. Santina aliukagua mshono wangu, akausifu, akanywa chai yangu, akaisifu. Kisha akanishika kidevu, akasema mtoto ni mzuri na kazi anajua, ila rangi hii, ningeipunguza kidogo, Arua ya sasa wasichana wanajitunza. Alisema kwa upole, kama mtu anayekuonyesha uzi uliokuning'inia. Na Kenyi, mwanamume wangu, aliinama akaanza kuchunguza gurudumu la baiskeli yake.

Niliumia. Kilichoniuma si shangazi, ni lile gurudumu.

Wiki ile nilitumwa Ariwara, ng'ambo, kununua uzi na zipu. Kulikuwa na meza nzima ya krimu, na katikati ya makopo yote nikamwona yule dada. Hereni zilezile, meno yaleyale. Miaka yote hiyo kampuni haikumbadilisha. Nilimchagua kwa sababu nilimjua. Nilisimama pale mbele ya kopo ambalo Mariam Poni alikuwa akilitafuta usiku na mchana, na sikumfikiria hata kidogo. Nilimfikiria Kenyi. Nililifunga kopo ndani ya zipu nikavuka nalo mpaka.

Nilipaka siku tisa, asubuhi, kabla Mariam hajamaliza swala. Siku ya nne paji la uso likaanza kuwasha. Siku ya saba likabanduka. Mariam aliuliza, nikamwambia ni sabuni mbaya ya Zaire. Akasema niache kununua vitu vya kipuuzi.

Siku ya kumi ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa napiga pasi ya makaa. Yeye alikuwa anatafuta bobini ya uzi, akavuta droo ambayo kwa kawaida ilikuwa yangu, akapeleka mkono mpaka ndani. Nilipogeuka alikuwa ameshika kopo kwa mikono miwili.

Nilingoja mkasi uruke. Haukuruka. Alikwenda sandukuni, akatoa gazeti la Nairobi, akaweka kopo juu ya picha ya kopo, akatazama hili, akatazama lile. Halafu Mariam Poni, ambaye sikuwahi kuona chozi lake hata siku tuliyopita mahali nyumba yake ilipokuwa tukakuta majani, alikaa chini kwenye mkeka akalia.

"Umenitafutia," alisema. "Mutoto ya mutu mwingine. Watu wazima wote walishindwa, wewe ndiyo umenitafutia."

Akanibariki. Alinitajia Mungu wake na Mungu wangu, akasema ndoa yangu itakuwa na watoto na sahani hazitakauka. Akaniomba msamaha kwa mikasi yote. Mimi nilisimama na pasi mkononi mpaka kitambaa cha watu kikaanza kunuka, nikaiweka kando. Yeye alikuwa tayari amechota maji, amenawa uso, na sasa alifungua pini. Mtandio ukaanguka begani. Baka likawa wazi mchana kweupe, kwenye mlango ulio wazi, na watu wanapita sokoni. Hakujali. Alifumba macho, akanigeuzia shavu la kushoto.

"Nipake wewe," alisema. "Mkono yako iko na baraka."

Nilifungua kopo. Nilichota kwa kidole. Naapa nilifika karibu na shavu lake kiasi cha kuhisi joto lake. Nilijua krimu ile ilivyofanya ngozi yangu, na ngozi yangu ilikuwa nzima. Ile yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Ningeweza kusema kopo limeharibika, ningeweza kuliangusha. Mawazo hayo yote yalinijia. Lakini alikuwa amefumba macho akiniamini, na nikaona kwamba nikidanganya tena, atakwenda Ariwara mwenyewe kununua jingine.

"Mama, usipake," nilisema. "Hii si ya kurudisha weusi. Ni ya kuutoa."

Alifungua macho. Aliuliza nani kasema. Nikasema limeandikwa. Akasema picha iko pale, kila mtu anaiona. Ikabidi nipige magoti kando yake, nimshike kidole, kile kidole kilichotuchekesha miaka yote, nikakihamisha kutoka kulia nikakiweka kushoto.

Nikamsomea, kwa mara ya kwanza, kama lilivyoandikwa. Kwamba huyu mweusi ndiye wa kwanza. Kwamba ameinama kwa sababu ana huzuni, na ana huzuni kwa sababu ni mweusi, hakuna anayemwangalia, hapati kazi wala mchumba. Kwamba apake wiki tatu tu atakuwa mwanamke mpya, wa kisasa, na kila mlango utafunguka. Na huyu anayecheka, hiyo ndiyo kupona kwenyewe. Niliposoma nilisikia kwamba ni sauti ya Santina, neno kwa neno, ila bila chai.

Mariam akauliza juu ya yule wa kunenepa. Nikamwambia alikuwa mnene, akakonda. Akauliza kama aliugua. Nikasema hapana, kwa kupenda. Akauliza kama alilipia. Nikasema alilipia. Akauliza juu ya aliyebusiwa, nikasema alilia kwanza, kwa sababu alidhani ananuka, busu likaja mwisho. Akavuta pumzi.

"Basi hao wote walikuwa wazima," alisema. "Mwanzo walikuwa wazima. Gazeti ndilo limewaambia wagonjwa."

Nikasema ndiyo.

Akatazama kopo. Aliliinamisha kwenye mwanga, akaona alama za vidole, siku tisa za vidole. Alikuwa fundi, jicho lake halikukosa kitu. Kisha akanishika kidevu, palepale alipokishika Santina, akanigeuza kuelekea mlangoni, akatazama paji la uso lililobanduka.

"Hii hukuninunulia mimi."

"Hapana, Mama."

"Na wewe ulianza kusoma upande gani?"

Nililia nikashindwa kupumua. Nililia kwa haya, kwa sababu nilipewa baraka ya kitu ambacho sikumletea, na kwa huruma, kwa sababu nilimnyang'anya tumaini lake la miaka sita kwa dakika chache, tena mchana, akiwa amenawa. Yeye hakulia tena. Alikwenda kutupa kopo chooni, akarudi na chupa ya mafuta ya simsim, akanilaza kichwa mapajani pake akanipaka paji la uso, polepole, mpaka kuwasha kukapungua.

"Basi yangu itakaa hapohapo," alisema. Alisema kama mtu anayesema mvua haitanyesha leo.

Baada ya hapo magazeti hayakutoka sandukuni. Wanawake walikuja siku ya soko, akawaambia yameingia unyevu. Susana wa Lurujo alikuja mara mbili akarudi amenuna. Kibaraza kilipoa, tukabaki na sauti ya cherehani tu, na mimi nikawa najichukia kila asubuhi. Mshono wangu ulienda upande akaufumua bila kutaja hata baba yangu. Hapo ndipo nilipojua amevunjika kweli.

Kenyi alikuja, akaona ganda kwenye paji langu, akauliza. Nikamweleza yote na la gurudumu nikaongeza, na nilimwambia kama anataka mtu wa maji ya kunde aoe shangazi yake. Alisimama pale jasho likimtoka. Akasema atakwenda kugombana naye. Kama alikwenda au hakwenda sijui, wanaume wana njia zao za kugombana kimyakimya, lakini wazee walikaa mwezi uliofuata na harusi ikapangwa.

Wiki chache kabla sijaondoka Koboko alikuja Driwaru, binti wa mteja wetu wa zamani, msichana wa miaka kumi na saba kutoka Dranya, darasa la saba amelimaliza. Alileta kitambaa cha gauni. Alikuwa mweusi mzuri, wa kung'aa. Tukampima. Alipokuwa akivaa viatu akasema kwa aibu kwamba mama yake amemsimulia juu ya yule dada wa gazeti mwenye sura mbili, naye amemwona Ariwara, kwenye kopo, na amemnunua. Akafungua ncha ya kanga yake. Lilikuwa la bluu, bado limefungwa.

Mimi niliacha kuzungusha cherehani. Mariam alibaki amesimama na tepu shingoni. Nilidhani atalichukua alitupe, au atatukana. Badala yake alikwenda kunawa mikono. Akatoa gazeti sandukuni, akaliweka mezani, akalifungua kutoka jalada la nyuma. Na kabla ya kuweka kidole popote, alipeleka mkono shingoni, akatoa pini, akauvua mtandio wote. Wateja wawili waliokuwa kibarazani hawakuwahi kuliona lile baka. Mmoja aliziba mdomo.

Mariam alichukua mkono wa Driwaru akauweka juu ya shavu lake la kushoto.

"Weupe ndiyo hii," alimwambia. "Mimi niko nayo miaka saba. Shika vizuri."

Msichana alishika. Mariam hakuuachia mkono wake mpaka alipotosheka. Kisha akageukia picha, akaweka kidole kwenye ile sura inayocheka, upande wa kulia, na akaanza: huyu dada aliugua, rangi ikamtoka, akawa anacheka ovyo mbele ya kila mtu. Sauti yake ilikuwa ileile ya zamani. Wale wateja wakasogea.

Driwaru alikuwa amesoma. Aliinamia ukurasa, akakunja uso, midomo yake ikaanza kutafuta maneno.

"Lakini Mama," alisema, "Kiingereza si huanzia kushoto?"

Mariam Poni alinigeukia mimi, uso wote wazi, baka na weusi, na kwa mara ya kwanza tangu anijue hakuniita kwa kejeli.

"Mwalimu," alisema, "wewe umesoma. Mwambie."

Niliutoa uzi mdomoni. Nikamtazama yule mtoto na ngozi yake nzima.

"Gazeti hili huanzia kulia," nikasema.

Driwaru akasogea, akaanza kulitazama kutoka upande ule.